Mvunja Mikono Asiingie

Wahenga walipomtaja nyani hawakuwa na ugomvi naye. Nyani wa watu hula matunda yake, akajikuna, akaendelea na safari. Waliokusudiwa ni sisi wenye kuvaa nguo, tunaoweza kumchambua ndugu yetu kuanzia utosini hadi unyayoni, na doa lililo mgongoni mwetu tusilijue mpaka tuonyeshwe. Ndiyo maana wakasema: nyani haoni kundule, huliona la mwenziwe. Anayedhani methali hii ni ya kuchekeshea watoto na asikilize habari za mwanamke mmoja fundi, ambaye kwa miaka sita alikuwa mlalamikaji, shahidi na hakimu wa kesi moja, na siku zote hizo alizitumia kuikuza hasira yake badala ya kuichunguza.

Wateja walimwita Bi Plagi. Hakuwa akiuza plagi, ila alitoa cheche hata pasipokuwa na petroli. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja, mikono mipana, na sauti iliyoweza kusikika juu ya mashine ya kusaga. Karakana aliyoachiwa na baba yake ilikuwa na vyumba viwili, na nyuma yake banda la mabati. Alifanya kazi haraka na aliifanya vizuri, na hilo ndilo lililomponza, maana mtu anayesifiwa kila siku husahau kujikagua. Alikuwa na msemo wake: "Grisi haijawahi kuua mtu." Kila kilichozunguka alikipaka, na kila kilicholia alikishindilia. Grisi yenyewe ilikuwa ya bluu, ya beringi za magurudumu, aliyoiagiza mwenyewe, na kopo lake alilifungia kabatini. Hakuna mkono mwingine uliowahi kuingia humo.

Mlangoni mwa karakana yalikuwapo maandishi ya rangi nyekundu: MVUNJA MIKONO ASIINGIE HAPA. Wageni walicheka wakidhani ni mzaha wa mafundi. Watu wa mtaa hawakucheka, kwa kuwa walijua aliyekusudiwa ni mdogo wake wa tumbo moja, fundi mpole aliyeitwa Taratibu kwa jinsi alivyofanya kazi.

Chanzo cha marufuku hiyo kilikuwa trekta. Baba yao alikuwa na trekta kuukuu, la zamani kuliko watoto wake wote wawili, lisilo na betri wala starta. Liliwashwa kwa hendeli, chuma kilichopindwa ambacho mtu hukichomeka mbele ya injini akakivuta kwa nguvu zake mwenyewe. Cheche yake ilitoka kwenye magneto, chombo cha ukubwa wa birika kilichofungwa ubavuni mwa injini. Cheche hiyo ina saa yake. Ikitoka pistoni imekwisha kufika juu, injini huwaka. Ikitoka mapema, injini hukasirika, hurudi nyuma ghafla, na hendeli humpiga aliyeishika. Kwa sababu hiyo ndani ya magneto mna kijino kidogo cha chuma. Mtu anapozungusha hendeli polepole, kijino huishika cheche, huichelewesha, kisha huiachia kwa mlio mmoja mkavu: tak. Mzee aliwafundisha wanawe mlio huo kabla hajawafundisha kushika spana.

"Bila tak," aliwaambia, "hakuna kuwasha."

Miaka sita nyuma, Taratibu aliisafisha magneto ile na kuitega upya taimingi, yaani ile saa ya cheche, kazi ambayo dada yake angeimaliza kabla ya chai na yeye ilimchukua siku mbili. Kesho yake, asubuhi ya baridi kali, Mzee alitoka peke yake, akashika hendeli, akavuta mara moja. Trekta likamrudishia. Kifundo cha mkono wa kulia kilivunjika mahali pawili, na mfupa ukaunga upande. Tangu siku hiyo Mzee alinyanyua kikombe kwa mkono wa kushoto.

Bi Plagi hakuuliza swali hata moja. Kabla baba yake hajatoka hospitali, alikwisha kutia vifaa vya mdogo wake ndani ya gunia na kulitupa nje. Aliandika maneno yale mlangoni kwa brashi ya kupakia magari. Kisha akalifunga banda kwa kufuli, trekta likiwa ndani kama lilivyokuwa, na ufunguo akauvaa shingoni.

"Ule ni ushahidi," alisema. "Hakuna atakayeugusa."

Taratibu alifungua kibanda kando ya barabara akawa anatengeneza vyerehani na pasi. Injini hakuzigusa tena, kwa sababu hakuna aliyempelekea. Habari ilimtangulia kila mahali: huyo ndiye aliyemvunja baba yake mkono. Alipokuja kumjulia hali Mzee, alisimama getini, wakazungumza kupitia vyuma, na Bi Plagi akapiga nyundo kwa makusudi mpaka wasisikilizane.

Ikafika siku Mzee akarudi kutoka kwa daktari wa masikio. Alikaa mezani, akamwita binti yake, akamwambia bila kuzungusha.

"Mama, masikio haya hayana muda. Daktari kasema yataziba. Nataka kulisikia trekta langu kabla hayajaziba, na ninyi wawili muwepo."

"Huyo mtu haingii hapa."

"Huyo mtu ni mwanangu."

Bi Plagi alivimba siku tatu. Alivunja kikombe akiosha, akamfokea mteja aliyekuja kuulizia pampu, akalala bila kula. Siku ya nne akamwendea baba yake.

"Aje. Nitalifungua banda, na taimingi aliyoitega nitaikagua mbele ya macho yake na ya mashahidi. Ikiwa mbovu, asikanyage tena hapa mpaka kiama, wala wewe usiniombe tena."

"Na ikiwa nzima?"

"Ikiwa nzima nitatoka mimi."

Mzee alikubali kwa kichwa. Alimjua binti yake: neno lake likishatoka halirudi, liwe la busara au la kijinga.

Jumamosi asubuhi shangazi yao alikuwa wa kwanza kufika. Alikuwa dada yake Mzee, mwanamke mkavu, mwenye ulimi usiokuwa na breki. Alilichagua tairi moja kuukuu bandani akalikalia kama kiti cha enzi.

"Mimi ni shahidi," alisema. "Sijui kitu kuhusu injini, lakini uongo naujua."

Taratibu alifika na shati safi. Alisimama nje ya mlango wa karakana akiyasoma yale maandishi, kana kwamba hajawahi kuyaona.

"Ingia, baba," Mzee alimwita kutoka ndani.

"Mlango unanikataza."

"Leo ingia," Bi Plagi alisema. "Hata mshtakiwa huruhusiwa kuingia mahakamani."

Taratibu aliingia. Bi Plagi aliuvua ufunguo shingoni, akafungua kufuli, na vumbi la miaka sita likawapokea. Trekta lilikuwa pale pale, hendeli bado imechomekwa mbele kama Mzee alivyoiacha.

Kazi ilianza. Bi Plagi alizifungua plagi na kumimina oili nyembamba kwenye silinda zilizokaa kavu muda mrefu, akaziacha zilowe. Alifanya hayo huku akieleza kila hatua kwa sauti ya juu, kama mtu anayesomea watu hukumu. Kisha akawagawia kazi.

"Baba, weka kidole gumba cha kushoto kwenye tundu la silinda ya kwanza. Wewe," alimwambia mdogo wake bila kumtazama, "chungulia kwenye dirisha la gurudumu zito, uitazame alama ya pistoni kufika juu. Kwa macho yako mwenyewe, usije ukasema nimekuonea. Mimi nitazungusha."

Alizungusha polepole. Injini ilikoroma, ikalegea.

"Pumzi inanisukuma kidole," Mzee alisema.

"Alama inakuja," alisema Taratibu. "Inakuja. Karibu. Imefika."

Palikuwa kimya. Bi Plagi alizungusha kidogo tena, na alama ikapita. Bado kimya.

"Mmesikia?" aliuliza.

"Mimi sijasikia kitu," alisema shangazi.

"Ndiyo maana yangu hiyo. Hakuna tak. Miaka sita nasema, na watu wananiambia nina roho mbaya." Alijipangusa mikono kwenye suruali, na sasa maneno yalimtoka mfululizo. "Siku mbili alikaa na chombo kidogo hiki. Siku mbili, watu wanamsifu eti anafanya kwa utaratibu. Utaratibu gani wa kumtega baba yako kama panya? Mkono huo ulinifundisha kuandika. Mkono huo ulijenga banda hili. Leo hauwezi kufunga kifungo cha shati, na huyu bwana anakuja hapa amepiga pasi."

Mzee hakuwa akimsikiliza. Alikuwa amekigeuza kichwa, sikio lake zuri likielekea kwenye magneto.

"Hakuna tak kweli?" aliuliza. "Haikulia?"

"Haikulia, baba."

"Asubuhi ile pia sikuisikia." Aliketi kwenye sanduku la vifaa. "Nilizungusha polepole kwanza, sikuisikia, nikadhani ni masikio yangu yameanza uzee. Niliona aibu kuwaambia. Nikavuta."

Taratibu ndiye aliyesema, na sauti yake haikuwa ya mtu anayejitetea.

"Fungua magneto, dada."

"Nitaifungua. Sihitaji kuamrishwa."

"Alama imeshapita. Usirudishe injini nyuma, itakudanganya. Izungushe mizunguko miwili mizima mpaka alama irudi, ndipo ufungue."

Kilichomkera zaidi Bi Plagi ni kwamba mdogo wake alikuwa sahihi. Alizungusha mara mbili kwa meno yaliyoumana, mpaka alama ikasimama sawa dirishani. Akafungua kifuniko cha mbele. Ndani, kile kimkono kinachogawa cheche kilielekea silinda ya kwanza, barabara kabisa. Alichukua kitambaa akafuta vumbi mahali magneto inapoungana na injini. Ilikuwapo mistari miwili midogo, iliyochorwa kwa ncha ya msumari, mmoja huku na mmoja kule. Ilikuwa imekutana bila kupishana hata kwa unene wa unywele.

"Hiyo mistari ni ya nini?" aliuliza shangazi.

"Ni alama zangu," alisema Taratibu. "Za kujua kama kuna mtu ameisogeza."

"Imesogezwa?"

"Haijasogezwa, shangazi. Taimingi iko pale nilipoiacha."

Kesi ilikuwa ikimponyoka Bi Plagi mkononi, na mtu wa hasira kesi ikimponyoka hutafuta nyingine hapo hapo.

"Basi kijino ulikivunja," alisema. "Ulikivunja ukanyamaza."

Ubavuni mwa magneto kuna kifuniko kingine kidogo, cha skrubu mbili, ambacho ndani yake kijino hukaa. Alichukua bisibisi. Skrubu zilitoka kwa urahisi. Akakibandua kifuniko, akainama kutazama, na hakuinuka.

Ndani mlikuwa mmejaa grisi. Ilikuwa imekauka na kuwa ngumu kama kipande cha sabuni, imekifunika kijino chote kikashindwa kushuka. Alikichokonoa kwa ncha ya bisibisi. Kijino kilikuwa kizima. Hakikuwa na ufa wala pengo.

"Nani kaweka grisi humu?" alifoka, na neno lilikwisha kumtoka kabla hajalifikiria.

Kwenye ncha ya bisibisi ilibaki chembe, naye aliichukua kwa vidole viwili akaisogeza kwenye mwanga wa mlango. Ilikuwa ya bluu.

"Mwanangu," shangazi aliuliza kwa upole ambao hakuwa nao siku zote, "hivi lile kabati la kopo lako lina funguo ngapi?"

Lilikuwa na ufunguo mmoja.

Ndipo ikamrudia. Jioni ya siku ile ya pili, Taratibu alikwisha kumaliza na kwenda kuoga. Yeye alipita bandani kufunga madirisha. Aliona kifuniko kidogo hakina vumbi, akakifungua kwa kutaka kukosoa tu, akaona kijino kikavu chenye tone moja la oili nyembamba. Alisonya. Alisema peke yake, "Huyu mtoto anaacha chuma kinakauka," akachota kwa vidole viwili, akashindilia, akafunga. Haikuchukua hata dakika tatu. Usiku baridi ikaikaza grisi, kijino kikanasa, na asubuhi Mzee akavuta. Hakuwahi kudanganya kuhusu jambo hilo. Alilisahau kabisa, kama mtu anavyosahau kupiga chafya, na kwa miaka sita alikuwa na nafasi ya kila siku ya kulikumbuka, lakini kila alipokaribia kufikiri hasira ilimtangulia.

"Ni mimi," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, watu hawakuizoea. "Baba, ni mimi."

Mzee alikuwa ameweka kiganja nyuma ya sikio. "Umesemaje?"

Ikabidi arudie kwa sauti kubwa. "Nimesema ni mimi niliyekuvunja mkono."

Hapo Taratibu, ambaye hakuna mtu aliyewahi kumsikia akipandisha sauti, akaipandisha.

"Nilikuambia niliisikia tak mara kumi. Ulijibu nini? Ulisema niondoke na tak yangu. Hukufungua skrubu mbili, dada. Skrubu mbili. Ungezifungua siku ile ile. Unajua kibaya zaidi ni nini? Nilikuamini. Nimekaa kibandani miaka sita najaribu kukumbuka nilikosea wapi. Mwanangu aliniuliza kwa nini babu anakula kwa mkono wa kushoto. Nikamwambia ni mimi niliyemvunja ule mwingine. Mwanangu anajua hivyo mpaka leo."

Bi Plagi aliuweka ufunguo wa banda juu ya boneti ya trekta, na wa kabati kando yake. Akapita katikati ya karakana yake, akapita benchi lake na nyundo zake, akatoka na kuufunga mlango nyuma yake. Alisimama nje, uso wake ukielekea yale maandishi mekundu. Yalikuwa makubwa kuliko alivyokumbuka.

Ndani, Taratibu alikisafisha kijino kwa mafuta ya taa mpaka chuma kikang'aa. Akadondosha tone moja la oili nyembamba. Akarudisha plagi zote isipokuwa moja, akazungusha polepole, na alama ilipofika dirishani, tak.

"Rudia," Mzee alisema.

Alizungusha mizunguko miwili. Tak.

"Ipo," alisema Mzee, na machozi yakamtoka bila yeye kuyafuta. "Masikio yangu hayakuwa na kosa."

Taratibu alirudisha plagi ya mwisho na kutia petroli. Alishika hendeli kama walivyofundishwa, kidole gumba upande mmoja na vingine ili ikirudi isikivunje, akavuta kutoka chini kwenda juu. Mara ya kwanza likakohoa. Mara ya pili likatema moshi. Mara ya tatu trekta likawaka, mabati ya banda yakatetemeka, na shangazi akaruka mbali na tairi lake akilaani kila aliyebuni chuma. Mzee aliweka kiganja kilichopinda juu ya boneti, akafumba macho.

Nje, Bi Plagi aliusikia mngurumo ule kupitia mlango alioufunga mwenyewe. Alitamani kuingia, naye ndiye aliyeahidi kutoka. Alisimama pale mpaka mlango ukafunguliwa.

"Baba anakuita," alisema Taratibu.

"Mlango unanikataza."

Taratibu aliyatazama maandishi, kisha akamtazama dada yake. Hasira ilikuwa bado imemjaa usoni, wala hakujaribu kuificha.

"Sijakusamehe," alisema. "Hasira zako zimekwisha leo asubuhi, zangu ndiyo kwanza zinaanza. Lakini Mzee anataka kutusikia wote wawili kabla masikio yake hayajaziba. Ingia. Na jioni utakuja kwangu, umwambie mwanangu kwa kinywa chako ni nani aliyemvunja babu yake mkono."

"Nitakuja. Ngoja kwanza nilete rangi niyafute haya."

"Usiyafute. Yaache. Uyasome kila asubuhi kama nilivyokuwa nikiyasoma mimi."

Bi Plagi aliinamisha kichwa, akapita chini ya maneno aliyoyaandika kwa mkono wake, vidole vyake viwili bado vina bluu ya grisi. Kwa kweli, nyani haoni kundule.